Fundi simu wa Darajani, anatengeneza mbele ya macho yako

Kama kioo kimepasuka na ndani ya simu una picha za harusi, zile za ukumbini wanawake peke yao hakuna alovaa mtandio, basi mpelekee huyu kijana mwenye kibanda nyuma ya soko la Darajani, Mjini Unguja. Paswadi hakuulizi kabisa, anakwambia toa laini na memori kadi uweke mkobani mwako, kisha anaifungua simu we umekaa kwenye kigoda unamtizama, akimaliza anakupa mwenyewe uiwashe ujaribu tachi. Wengine wanataka uwaachie simu na paswadi urudi baada ya magharibi, haya picha zikishafika kwenye magrupu utamshika nani?

Halafu bila ya kumuomba akanionesha kwenye WhatsApp ile PIN ya tarakimu 6, ukishaiweka hata mtu akikulaghai ukamtajia kodi, zile namba za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji, haingii kwenye WhatsApp yako kwa hiyo kodi peke yake, na Facebook akanificha namba ya simu ilokuwa inaonekana na kila mtu, wallahi sikuwa na habari. Bei iko juu kidogo, na foleni Jumamosi usiseme. Kava zake lakini mbovu, kanunue kwengine.