Dodoso au mahojiano? Kupima sonona kwa wakulima wa mwani

Kwa kasi, dodoso halina mpinzani. PHQ-9, dodoso linalotumika sana kupima sonona, ina maswali 9, kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, jumla haivuki 27. Unatafuta wastani na mtawanyiko, kisha unalinganisha vijiji vya Paje na Jambiani, Zanzibar. Mahojiano hayakupi hilo.

Lakini kaa barazani na mama wa makamo, maji yamejaa, mwani haushikiki. Muulize kama wiki mbili hizi amekosa raha. "Alhamdulillahi, mwanangu." Kwenye dodoso hiyo ni sifuri. Nyamaza kidogo, mwache aendelee kufunga kamba zake, ndipo anaongeza: "Ila mawazo tu. Usiku silali." Sifuri ile ilikuwa adabu na shukrani kwa Mola, haikuwa kipimo cha moyo wake.

Mahojiano nayo yanachosha: saa moja ya sauti huchukua saa kadhaa kuandika, na anayehoji anaweza kuvuta jibu bila kujua.

Mimi ningeanza na mahojiano machache, nisikie neno "mawazo" linabeba nini, ndipo nitafsiri dodoso. Wengi hutafsiri kwanza, na inaniuma, maana hesabu hata iwe safi vipi haiponyi swali lililoulizwa vibaya.