Gia ngumu: uzoefu wangu na fundi wa Gerezani anayepima kabla ya kufungua

Kama pikipiki yako inagonga kwa nguvu kila ukitia gia ya kwanza, na ukisimama kwenye taa za Magomeni hapa Dar es Salaam unatafuta fri (pale ambapo hakuna gia iliyoshika) mpaka wenzako wameshaondoka, soma hapa kabla hujamruhusu mtu apasue injini. Mimi nilikaribia kupasuliwa ya kwangu bila sababu.

Pikipiki yangu ni ya cc 150, nabebea vifurushi kutoka Kariakoo kwenda Kimara na Mbezi. Asubuhi injini ikiwa ya baridi gia zinaingia vizuri. Tatizo linaanza nikishakaa kwenye foleni ya Ubungo kwenye jua: kupanda gia ngumu, kushusha ngumu, fri haipatikani kabisa mpaka nizime injini. Gereji ya kwanza niliyoipeleka walisikiliza mlio tu, hata hawakuiendesha, wakasema gia boksi imekufa, injini ishushwe na gia zote zibadilishwe. Bei waliyotaja ilikuwa ya kumaliza mtaji. Nikachukua pikipiki yangu nikaondoka.

Dereva mwenzangu wa kijiweni ndiye aliyenielekeza kwa huyu fundi mzee wa Gerezani, jirani na Kariakoo. Banda lake halina hata kibao. Jambo la kwanza nililolipenda ni kwamba alianza na maswali, mikono iko mfukoni. Ni gia zote au moja? Inasumbua ikiwa ya moto au ya baridi? Ikishaingia inakaa, au inaruka yenyewe ukivuta mafuta? Nikamjibu: zote, ikiwa ya moto, na haijawahi kuruka. Akaniambia, "Basi mwanangu, tusianze kulaumu gia." Kwa maelezo yake, gia moja inayoruka ndiyo inakupeleka kwenye foki (vyuma vinavyosogeza gia) zilizopinda au meno ya pembeni ya gia yaliyoliwa. Zikiwa ngumu zote kwa pamoja, mtu wa kwanza kuhojiwa ni klachi.

Halafu akapima. Hapa ndipo anapostahili sifa, na vipimo vyenyewe yeyote anaweza kuvifanya nyumbani.

Alisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, injini imezimwa, akawa anazungusha tairi la nyuma kwa mkono huku anabonyeza pedali ya gia kwa mkono mwingine. Kwanza hadi ya mwisho zikaingia laini, kisha zikarudi. Gia boksi iliyovunjika isingekubali hivyo. Kisha akawasha, akabana klachi mpaka mwisho, akatia gia ya kwanza tairi likiwa hewani. Tairi likazunguka. Nikadhani tayari tumepata jibu, lakini akasema hilo pekee halitoshi, kwa sababu pleti za klachi zinaogelea kwenye oili na ile oili inavuta tairi kidogo hata klachi ikiwa nzima. Akakanyaga breki ya nyuma taratibu. Klachi nzima, tairi linasimama na injini haina habari. Ya kwangu, injini ilianza kuzimika. Maana yake klachi haiachii: nimebana, lakini nguvu bado inapita kwenda kwenye gia, ndiyo maana zinagongana zikiingia.

Akaanzia nje, kwenye kilicho rahisi. Alipovuta kile kiraba cha kwenye mkono wa klachi, nyuzi za waya zilikuwa zimekatika zimesimama kama ndevu. Waya wa namna hiyo ukishapata joto unavutika, mkono unabana lakini kule chini hausogezi vya kutosha. Akaweka mpya, akaurekebisha ncha ya mkono ichezee kama milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Ukilegea kuliko hapo klachi haiachii, ukikaza sana inateleza na kuunguza pleti.

Tukazunguka mpaka Msimbazi na kurudi. Nafuu ilikuwepo, kubwa, ila fri bado ilikuwa ngumu. Nampa heshima kwa sababu angeweza kupokea hela yake akaniaga. Badala yake alisema, "Bado kuna kitu ndani, lakini ni upande wa kulia tu, injini haipasuliwi."

Akamwaga oili kwanza. Ilikuwa nyepesi kama maji na inanuka kuungua. Akasafisha chujio akanionyesha: unga laini wa chuma wa kawaida, hakuna kipande. Angeona vipande, ndiyo angeanza kuzungumza habari za gia. Kwenye oili alikuwa mkali. Kwenye pikipiki kama zetu oili moja inahudumia injini, klachi na gia, kwa hiyo ile ya magari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Ni viwango vya Wajapani kwa pikipiki zenye klachi inayolowa oili, MA ipo tangu 1998. MB iache, hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya aina hii.

Kifuniko cha kulia kilipofunguka, akatoa pleti za chuma moja moja akazilaza juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Zilizonyooka zilitulia. Mbili zilicheza ukizigusa pembeni kwa kidole. Joto lilikuwa limezipinda, na rangi yake imegeuka bluu. Hizo ndizo zilikuwa zinagusana hata nikibana. Lile bakuli linaloshika pleti lilikuwa na alama za kulika kwenye kingo, akazilainisha kwa tupa kwa sababu hazikuwa za kina. Alinituma Kariakoo na pleti za zamani mkononi nihesabu meno yake nisiuziwe za pikipiki nyingine. Pleti mpya za msuguano akazilowesha kwenye oili mpya kabla ya kuzifunga. Mnyororo nao ulikuwa umelegea, akauweka sawa.

Sasa fri naipata kwa ncha ya kiatu, injini ikiwa ya moto, katikati ya foleni.

Malalamiko yangu yapo. Ni mpole mno kwa kazi: niliacha pikipiki asubuhi nikaichukua giza limeingia, na kwa anayetegemea pikipiki kula, siku nzima ni hasara. Simu hapokei. Risiti hatoi, kwa hiyo risiti za spea tunza mwenyewe. Na kupima anatoza, hata kama hatafungua kitu. Wengine wanalalamikia hilo. Mimi naona ni haki, maana hela yake ilikuwa chini ya bei ya lita moja ya oili na iliniokoa na gharama ya injini nzima.

Ukienda, fika na injini ya moto, zunguka nayo kwanza kama tatizo lako linakuja kwenye joto. Jumamosi usiende, banda linajaa mpaka barabarani.