Umeme wa Ethiopia au gesi ya Tanzania?

Stima ikipotea jioni, muuza samaki wa mtaani kwetu Majengo, Mombasa, hufunika friza kwa gunia na kuomba irudi kabla ya saa nne. Nchi jirani ipi itamfaa?

Umeme wa Ethiopia upo tayari. Novemba 2022 Kenya ilianza kununua megawati 200, hasa za maji, kupitia laini ya kilovolti 500 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, huko Bonde la Ufa, zaidi ya kilomita 1,000. Ni nafuu kuliko wa dizeli. Lakini Suswa si Mombasa. Laini ni ndefu, na mvua ikikataa huko milimani, sisi tutafanya nini?

Gesi ya Tanzania bado ni ahadi. Makubaliano ya bomba la Dar es Salaam hadi Mombasa yalitiwa saini Mei 2021, Rais Samia alipozuru Nairobi. Ingetufikia hapa hapa pwani, ambako mitambo ya umeme ya Kipevu huchoma mafuta mazito yanayoletwa kwa meli. Na mama wa mahamri, anayetikisa mtungi wa gesi kila asubuhi kusikiliza kilichobaki? Huenda naye akapata nafuu.

Moyo wangu uko kwa gesi. Friza ya yule bwana, kwa sasa, iko kwa Suswa.