Chemsha bongo ya wanavyuo: tulijibu Zanzibar, tukanyimwa pointi

Nimekaa na jambo hili kifuani kama wiki tatu hivi nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Kwa hiyo naandika, na yeyote anayetaka kwenda kwenye ile chemsha bongo ya wanavyuo inayofanyika jioni kule Sinza asome mpaka mwisho, maana mpaka naanza kuandika sijui kama nawaambia nendeni au msiende.

Jina la ukumbi sitaji. Wanaokwenda wanaujua, na ugomvi wangu siyo na ukumbi. Chipsi zilikuja zimepoa, soda zilikuwa za baridi, wahudumu wastaarabu. Kiingilio buku tano kwa kichwa, timu ya watu watano, raundi nne, mshindi anaondoka na laki moja taslimu. Sisi tulikuwa watano wa mwaka wa tatu, tumetoka chuo moja kwa moja na mabegi mgongoni, tukashika meza ya dirishani ili angalau tupate upepo.

Na niseme ukweli kabla hasira haijanishika: raundi mbili za kwanza nilifurahi kuliko nilivyofurahi mahali popote mwaka huu. Chuoni tunasoma kinachokuja kwenye mtihani, tukishatoka kwenye chumba cha mtihani tunakisahau. Pale swali linaweza kutoka popote, na unashangaa kumbe kitu ulichokisikia darasa la sita bado kimo kichwani. Kwa nini alama ya potasiamu ni K wakati jina linaanza na P? Mwenzetu anayesoma famasi akaandika "kalium" kabla MC hajamaliza kuuliza. Ni ziwa gani pekee duniani linaloizidi Tanganyika kwa kina? Baikal, Urusi. Rais yupi wa Marekani yuko kwenye noti ya dola 100? Hilo lilikuwa la mtego, kwa sababu aliyepo ni Benjamin Franklin, na hakuwahi kuwa rais wa Marekani. Meza karibu zote ziliangukia hapo, sisi tukapona.

Halafu likaja la Mtanzania aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500, ataje na mwaka na mji. Hili lilikuwa la kunyoosha mkono. Jamaa mmoja wa meza ya jirani, mwembamba, muda wote hajafungua mdomo, aliruka kutoka kwenye kiti kama kaungua: "Filbert Bayi, 1974, Christchurch, New Zealand!" Ukumbi ulilipuka. Watu wasiofahamiana wakawa wanapigana mabega. Nilisisimka mwili mzima, nikajiambia hiki ndicho kitu tulichokuwa tunakikosa Dar.

Kulikuwa na maswali mengine ya ajabu kidogo, yameletwa kutoka Marekani kama yalivyo. Majimbo mangapi ya Marekani yanaanza na herufi M? Ni 8, lakini mwanafunzi wa Ubungo atakwenda nayo wapi hiyo? Sikununa. MC alishatuambia mwanzoni, kwa majivuno, kwamba wameiga mtindo wa mashindano ya wanavyuo wa Marekani, yale yaliyoanza redioni mwaka 1953. Hilo nitalirudia.

Raundi ya tatu ilikuwa ya historia, majibu kwa maandishi. Swali la sita au la saba, MC akasoma: "Vita vifupi kuliko vyote katika historia vilipiganwa kati ya Uingereza na nchi gani?"

Nilimtazama mwenzetu wa Unguja. Kazaliwa na kukulia Mwanakwerekwe, ni mpole, na raundi mbili nzima alikuwa ananong'ona majibu tu na kuwaachia wengine waandike. Safari hii aliichukua kalamu mwenyewe. Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa kuunganisha, kama mtu anayeandika barua ya nyumbani: Zanzibar. Chini yake, ingawa hakuna aliyeuliza, akaongeza: Khalid bin Barghash, 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi. Akaigeuza karatasi upande wangu nione, akatabasamu.

Karatasi ikarudi imekatwa. Maka peni nyekundu, mstari mmoja mrefu kuanzia kwenye Z mpaka kwenye ile tarehe.

Tukadhani wametuchanganya na meza nyingine. Mwenzetu akanyoosha mkono, akasema kwa adabu, "Samahani kaka, hili la vita tumeandika Zanzibar, naona tumekatwa."

MC akaangalia kadi yake. "Jibu ni Tanzania."

"Lakini kaka, mwaka 1896 Tanzania ilikuwa haijazaliwa."

"Dada, kwani Zanzibar siyo Tanzania? Mbona unataka kutugawa?"

Watu wakacheka. Nikasimama mimi. Nikamwambia, kama kwako ni kitu kimoja, basi tupe pointi yetu. Akanijibu kwenye maiki, ukumbi mzima unasikia: "Kaka, kaa chini. Kadi imesema Tanzania, nyie mmeandika Zanzibar. Hapa hatubishani na kadi. Anayejiona msomi sana aje ashike maiki." Kisha akafungulia muziki.

Yaani hapo ndipo nilipochemka. Angalia alivyofanya: mwenzetu anapodai pointi, Zanzibar na Tanzania ni kitu kimoja. Mimi ninapodai pointi hiyo hiyo, ni vitu viwili. Kote kuwili tunakosa.

Na siyo jambo dogo la kuchekea. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, Khalid akaingia kwenye kasri na kukalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Dakika mbili baada ya saa tatu manowari zilizotia nanga pale mbele ya mji zikaanza kupiga kasri. Vitabu hutaja dakika 38, vingine mpaka 45, ndiyo maana vikaingia kwenye maswali ya chemsha bongo dunia nzima. Lakini ndani ya dakika hizo watu wapatao 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili akajeruhiwa baharia mmoja. Hao 500 hawakuwa Watanzania. Muungano umekuja tarehe 26 Aprili 1964, na jina lenyewe la Tanzania likapatikana Oktoba mwaka huo. Ukimwambia binti wa Unguja kwamba waliokufa pale walikuwa watu wa nchi iliyokuja kuzaliwa miaka 68 baadaye, halafu ukamtuhumu mbele za watu kwamba anataka kuigawa nchi, umemkosea adabu yeye na umeikosea historia. Mimi ni wa Kisarawe, sina ndugu hata mmoja Unguja, na bado niliumia.

Sasa nirudi kwenye ile Marekani ya MC. Usiku ule nilikaa kitandani nikisoma jinsi mashindano ya wanavyuo kule yanavyoendeshwa. Timu ikiona jibu lake limekataliwa kimakosa ina haki ya kulipinga. Pingamizi linaandikwa, wanaosimamia wanalichunguza, na kama timu ilikuwa sahihi inapewa haki yake. Ni kanuni inayojulikana. Hawa wa kwetu wamebeba majimbo yanayoanza na M, kanuni wakaiacha huko huko.

Wala tusingehitaji kuitoa mbali. Bibi yangu alikuwa anatutegea vitendawili jioni tukichambua mchicha. Kitendawili! Tega! Tukishindwa anadai mji, tunampa Bagamoyo, anaukataa, tunampa Tanga, anaupokea, ndipo anatoa jibu. Lakini ukimpa jibu ambalo yeye hakulifikiria na likaingia, alikuwa ananyamaza kidogo, analipima, anasema, "Hilo nalo limo." Bibi hakuwa na maiki wala kadi. Alijua tu kwamba anayetega ana wajibu wa kumsikiliza anayetegua. Sisi jioni ile tulimpa MC mji wa kweli, na akaukataa mbele ya mwenye mji.

Mwisho wa mchezo tulikuwa wa pili. Tulizidiwa pointi moja. Sihitaji kueleza ni ipi.

Wenzangu wakaanza kukusanya mabegi, mimi nikaenda kwa dada aliyekuwa anakusanya kadi pale mezani. Nikamwomba anionyeshe ile ya vita. Huyu dada alikuwa muungwana, aliitafuta mpaka akaipata. Ni karatasi ya A4 iliyokatwa kwa mkasi, nusu ya juu imechapwa Kiingereza, nusu ya chini kuna tafsiri ya Kiswahili kwa kalamu ya wino. Na nusu ya juu, jamani, imeandikwa Zanzibar! Jibu liko pale limechapwa vizuri, na mbele yake kuna maelezo kwamba siku hizi ni sehemu ya Tanzania. Aliyetafsiri akaona uvivu, akaandika hicho cha mwisho tu. MC alikuwa ameshika jibu letu mkononi muda wote anaotufokea. Alichotakiwa kufanya ni kuinua macho sentimita tatu.

Yule dada aliisoma, akaguna, akasema, "Pole kaka yangu, lakini zawadi imeshatoka." Nikamwita MC. Alikuwa anakunja waya. Akaiangalia kadi, akaniangalia, akasema, "Sawa, wiki nyingine." Wiki nyingine nini? Hakusema pole kwangu, na kubwa zaidi hakutembea hatua kumi mpaka mlangoni alikokuwa amesimama yule aliyemfanya achekwe mbele ya watu.

Kwa hiyo msiende. Hapo nilipofika ndivyo ninavyoona, msiende, buku tano yako kanywe juisi ya miwa Mwenge ubaki na heshima yako.

Ingawa pia nikikumbuka yule jamaa wa Filbert Bayi moyo unanirudi nyuma. Wapi kwingine hapa mjini utakuta vijana zaidi ya hamsini, siku ya kazi, wanashangilia jibu? Maswali mengi yaliandaliwa na mtu anayependa kujua vitu, hilo nalikiri. Na mwenzetu wa famasi tangu siku ile anatembea na kijidaftari. Tatizo ni mtu mmoja na maiki yake, na waandaaji waliompa maiki bila kumpa mtu wa kumsahihisha. Wakiweka hata jaji mmoja mwenye simu yenye bando, nitakuwa wa kwanza kulipa.

Kwenye bajaji ya kurudi mwenzetu hakuongea mpaka tulipofika mataa. Halafu akaanza kusimulia, taratibu, siyo kuhusu MC. Alisema utotoni wakipelekwa Forodhani jioni, baba yake alikuwa anasimama mbele ya Beit al-Ajaib na kuwaonyesha upande lilikokuwa kasri lililopigwa. Ile Beit al-Ajaib aliijenga Sultani Barghash, baba yake huyo huyo Khalid, na mwenzetu alilia Desemba 2020 sehemu yake ilipoporomoka. Kisha akaniuliza kama najua Khalid aliishia wapi. Sikujua. Akasema alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani pale pale Unguja, na Wajerumani wakamvusha kwa meli wakamleta huku, Dar es Salaam, iliyokuwa mikononi mwao. Akaishi hapa karibu miaka 20, mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916 wakampeleka uhamishoni. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Nilitazama nje ya bajaji, foleni ya Sinza na taa za maduka, nikawaza kwamba mtu wa lile swali alitembea kwenye mji huu huu, na sisi tulikuwa tumekaa ukumbini tunaambiwa tusibishane na kadi.

Wiki iliyopita tuliwatumia waandaaji ujumbe. Hatukudai laki moja. Tuliwaomba mambo mawili: wasahihishe kadi, na wamwombe radhi mwenzetu mbele ya watu kama walivyomfanya achekwe mbele ya watu. Mwenzetu akaongeza swali lake chini, la bure, walitumie wakipenda: sultani aliyeshindwa katika vita vya mwaka 1896 alikimbia Zanzibar akaja kuishi mji gani?

Tiki mbili za bluu zipo tangu Jumanne. Hawajajibu.