Chakula cha samaki: pima chenga kwanza, protini baadaye

Malalamiko ya wafugaji yanafanana. Mfuko umeandikwa protini 32, samaki wanakula kwa pupa, lakini miezi inapita na sato hawanenepi, maji yamekuwa kijani kizito, na alfajiri samaki wako juu ya maji wanahema. Lawama zote huangushiwa vifaranga. Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia vifaranga, kung'uta mfuko wa chakula uone kilichobaki chini.

Protini kila muuzaji anaijua kwa moyo, kwa hiyo naipita haraka: vifaranga wa sato asilimia 40 hivi, wakubwa 28 hadi 32, kambare wanataka zaidi, kamba (prawns) 35 kwenda juu. Kisichotajwa na mtu ni chenga, yaani vumbi na punje zilizovunjika. Unga mwingi humpita sato wa gramu 200. Unga huo unaoza, unatoa amonia na kurutubisha mwani, na usiku mwani uleule unawanyang'anya samaki oksijeni. Mfuko wa kilo 20 wenye chenga asilimia 5 umekupa kilo 19 tu. Mifuko 100 ni kilo 100 za kuchafulia bwawa. Kama kwako kilo moja na nusu ya chakula huleta kilo moja ya samaki, umepoteza samaki wa kilo 66 hivi.

Kupima ni rahisi. Usichote juu, kwa sababu vumbi hushuka. Mwaga mfuko mzima kwenye turubai, changanya, pima kilo moja, pitisha kwenye chekeche la matundu ya milimita 1 bila kusugua, kisha pima kilichopita. Gramu 10 au pungufu ni kizuri. Zikizidi 20, mimi sinunui tena. Halafu tia punje 100 kwenye ndoo ya maji ya bwawa na uhesabu baada ya dakika 10. Chakula cha kuelea ambacho punje 15 zake zimezama hakikupikwa sawasawa: wanga haukuiva, au nafaka haikusagwa laini, na punje ya namna hiyo ndiyo hiyo hiyo inayovunjika ikibebwa.

Sasa nipange vyakula vyenyewe kwa ubora. Nafasi ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, naipa Aller Aqua, kampuni ya chakula cha samaki ya Denmark. Ni chakula cha kuelea kilichopikwa kwa ekstruda (mashine inayopika unga kwa joto na shinikizo na kuutoa kama punje), punje zina umbo moja, na ukubwa unapanda kufuata umri wa samaki, kwa hiyo hulazimiki kuponda punje kubwa kwa ajili ya wadogo (kuponda ni kutengeneza chenga kwa mkono wako mwenyewe). Hata hivyo jina halilindi mfuko uliokaa juani. Soma tarehe, ukipita miezi mitatu tangu kutengenezwa, vitamini C inakuwa imepungua na mafuta yanaanza kuchacha. Harufu ya rangi ya zamani ya ukutani ikikupiga, rudisha.

Ya pili ni viwanda vidogo vyenye ekstruda. Vingine ni vizuri sana, ila mkupuo wa leo si wa mwezi ujao, kwa hiyo pima kila mzigo.

Ya tatu ni punje za kushindiliwa bila kupikwa. Zinazama na kuyeyuka upesi. Zinawafaa kambare kama unalisha kidogo kidogo ukiwatazama. Pumba na mashudu matupu ni nyongeza kwenye bwawa lililorutubishwa, basi.

Kamba wana hesabu yao. Wanakula chini, wanashika punje na kuiguguna taratibu, kwa hiyo kuelea hakuwasaidii. Tia punje kwenye glasi ya maji ya bwawa lenyewe, kwa chumvi yake, na uitazame baada ya saa mbili: iwe laini lakini nzima. Ikiwa imeshakuwa uji, virutubisho vimeishia majini.

Sasa wauzaji. Kuna wanaofungua mifuko na kuuza kwa kilo bila lebo wala tarehe, chakula kimekaa wazi wiki nzima kikivuta unyevu, na ukungu wa sumu kuvu hauonekani kwa macho kila mara. Kuna wanaoburuta mifuko sakafuni na kuikanyaga, kisha wanashangaa chenga zimetoka wapi. Na kuna lebo zinazotaja protini pekee, bila mafuta wala nyuzinyuzi. Protini ghafi hupatikana kwa kupima nitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, hivyo urea kidogo inatosha kupandisha namba bila kumpa samaki chochote. Wa namna hiyo mwambie akupimie mfuko kwenye mizani mbele yako, kisha mwombe chekeche.