Uzoefu wangu: wakala wa safari wa Nairobi aliyetupangia Shelisheli

Nilitaka kumpeleka mama baharini, lakini si Mombasa wala Diani, ambako ameshazunguka na chama chake cha akina mama hadi akachoka. Wakala mmoja mwenye ofisi katikati ya jiji akatushauri Shelisheli. Naipa huduma yake nyota tatu kati ya tano. Kwa hoteli, boti na malipo yuko vizuri sana. Kwa masharti ya afya, pita kliniki kwanza.

Wengi wanaouza Shelisheli hapa Nairobi hukuweka kwenye hoteli kubwa ya Mahé, kisiwa kikuu, basi. Huyu alitutafutia nyumba ndogo ya wageni kisiwani Praslin, akapanga na siku ya kuvuka hadi kisiwa cha La Digue. Bei aliyoitaja mwanzo ndiyo tuliyolipa, kidogo kidogo kwa M-Pesa, na risiti kila mara. Alitukataza kwenda Agosti: kusi huvuma, bahari huchafuka, na boti ya kutoka Mahé hadi Praslin, takriban saa moja, huwatapisha watu. Tukaenda Oktoba upepo ukiwa umelegea, na mama alilala njia nzima.

Sasa chanjo. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo anayetoka huku kuingia Shelisheli hutakiwa kuwa na cheti. Mimi sikuwa nacho, nikachanjwa mapema, maana cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Mama alikuwa na kadi yake ya manjano ya zamani, aliyoipata alipokwenda mkutano wa kanisa Nigeria. Wakala akaitupia jicho, akasema miaka kumi imepita, imekwisha, achanjwe upya.

Mama amepita miaka 70. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa aliyevuka miaka 60 uwezekano wa madhara makali huongezeka, hasa akichanjwa kwa mara ya kwanza. Si jambo la kuamuliwa na muuza tiketi. Kliniki, muuguzi aliutazama muhuri, akatabasamu: “Mama, kadi yako bado nzima. Itunze tu.” Tangu Julai 2016 cheti cha homa ya manjano hutambuliwa maisha yote, hata kilichotolewa kabla ya hapo. Nilipompelekea wakala habari hiyo, alisema wateja wengi huwa hawaulizi. Nyota mbili zilianguka hapo hapo.

Kuingia kwenyewe si kazi. Viza haihitajiki, ila kila msafiri huomba idhini mtandaoni kabla ya kupanda ndege, akiwa na pasipoti, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala. Wakala alitaka ada yake juu ya ile ya serikali ili atujazie. Nilijaza mwenyewe kwa simu nikiwa kwenye matatu. Hakikisheni tu mko kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Shelisheli, kwa sababu madalali wana zao zinazofanana nayo. Malaria kule hakuna, dengi ipo, kwa hiyo dawa ya kujipaka dhidi ya mbu msiiache nyumbani.

Muulizeni pia kuhusu ushuru wa mazingira, kwani kwenye bei yake haumo. Ni rupia 25, 75 au 100 za Shelisheli kwa kila mtu kwa usiku, kutegemea ukubwa wa hoteli. Sisi tulilipa ule wa chini.

Kilichomkosha mama hakikuwa hata bahari. Ni msitu wa Vallée de Mai, kule Praslin, wenye minazi ya coco de mer, ambayo mbegu yake ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Alitaka kurudi nayo moja Nairobi hadi aliposikia bei. Mwenye uwezo na anunue, ila adai kibali chake pale pale dukani, kwa maana bila kibali haitoki uwanja wa ndege.