Printa ya kukodi, Kisumu: ile ya pini iko sawa, mkataba usome mwenyewe

Ofisi yetu ni sacco ndogo tu hapa karibu na Oginga Odinga Street na printa ni moja ya watu wote, sasa fomu za mkopo zilikuwa zinalala kwa trei hadi anayeleta chai anajua nani ana deni. Hawa jamaa wa kukodisha printa wakatuletea ile ya pini, unatuma kazi kutoka kompyuta yako na haitoki mpaka ufike pale ubonyeze namba yako. Kwa hiyo pongezi, umbea umepungua sana. Fundi wao naye anajua kazi, kabla ya kitu kingine alibadilisha pasiwadi ya kiwandani maana hizo ziko mtandaoni ukijua tu modeli, alafu akaitoa printa kwa waifai ya wageni.

Shida ni mkataba. Hizi mashine kubwa za fotokopi nyingi zina hadi diski ndani na inaweza kubaki na kopi za vitambulisho vya watu, nikauliza siku tukiirudisha itakuwaje, wakaanza kuangaliana. Ilibidi tuwabane ndio waandike kwamba diski itafutwa tukiwa hapo tunaona. Na Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019 jameni!

Shreda yao, ile mashine ya kukatakata karatasi, msichukue, inakata vipande virefu, mwenye nia ataviunganisha. Tafuta ya vipande vidogo vidogo.

Nawapa nyota nne, ya tano wakianza kushika simu Jumamosi.